MAMBO YA NYUMBANI: Picha Yaonekana, Maneno Hayasikiki

Katika nyumba moja ya kambini nchini Uganda, mjane wa sajini alitaka kuwaonyesha wajukuu wake sherehe ya kwanjula ya binti yake, iliyopigwa picha mwaka 2011. Marehemu mumewe alinena maneno machache siku hiyo, wala hakuna mahali pengine ambapo sauti yake imehifadhiwa. Kompyuta ya mezani, ambayo kijana wake aliinunua ikiwa imekwisha tumika, iliunganishwa na televisheni kwa waya wa HDMI, na sauti ikapelekwa kwenye sabufa yenye spika mbili. Picha ikatokea. Ngoma zikasikika, vigelegele vikasikika, hata jogoo wa jirani akasikika. Mzee aliposimama kunena, midomo ilicheza lakini maneno hayakutoka. Palisikika mnong'ono tu, kama wa mtu aliye nyuma ya ukuta.

Fundi mmoja aliitwa. Alisikiliza kwa dakika mbili, akakata shauri kwamba filamu imeoza na kadi ya sauti imekufa. Akashauri diski yote ifutwe, Windows ipakiwe upya, kisha inunuliwe kadi mpya. Bahati njema mama hakuwa na fedha siku hiyo. Jioni alipita jirani yao, koplo wa kitengo cha mawasiliano, naye kabla ya kugusa kitu akauliza, "Mama, filamu hii ina nakala mahali pengine?"

"Hapana, mwanangu. Ni humo tu."

"Basi leo hatutengenezi kitu. Leo tunanakili."

Hapo ndipo kazi ya namna hii ianziapo, na mafundi wengi huiruka hatua hiyo kwa kuwa kitakachopotea si chao. Kunakili nako kulikuwa na kikwazo chake. Flashi ya gigabaiti 32 iliikataa filamu ijapokuwa ilikuwa tupu. Sababu ni kwamba flashi nyingi hupangwa kwa mtindo uitwao FAT32, nao haupokei faili moja inayofikia gigabaiti 4. Picha za kamera za aina hiyo, zikienda kwa kasi ya megabiti 17 kwa sekunde, hula gigabaiti 7 na nusu hivi kwa saa moja, na mpiga picha alikuwa ameziunganisha zote kuwa faili moja. Flashi ilipangwa upya kwa mtindo wa exFAT, nayo ikaipokea filamu bila manung'uniko.

Siku ya pili uchunguzi ukaanza, na haukuhitaji chombo chochote. Kwanza ulipigwa wimbo wa kawaida: mwimbaji alisikika vizuri, kwa hiyo waya, sabufa na kadi ya sauti havikuwa na hatia. Kisha nakala ya filamu ikafunguliwa kwenye simu ya kijana kwa programu ya VLC. Mzee akasikika! Kwa hiyo filamu nayo ilikuwa nzima. Ugonjwa ulibaki mahali pamoja tu, yaani jinsi kompyuta ilivyokuwa ikiigawa sauti.

Yafaa jambo hili lielezwe polepole. Wimbo wa kawaida una njia mbili za sauti, ya kushoto na ya kulia. Lakini kamera nyingi za mtindo wa AVCHD, uliotangazwa mwaka 2006, huweza kurekodi njia 6: mbili za mbele, mbili za nyuma, moja ya katikati, na moja ya mngurumo. Sauti ya mtu aliye mbele ya kamera huingia zaidi katika njia ya katikati, na kelele za uwanjani huingia pembeni. Nyuma ya kompyuta nyingi za mezani mna matundu ya rangi: la kijani ni la spika za mbele, jeusi la nyuma, na la chungwa ni la katikati na mngurumo. Mwenye kompyuta wa kwanza alikuwa na spika 6, akaiagiza hivyo. Familia hii ilichomeka waya mmoja tu, katika tundu la kijani. Kompyuta ikawa inayapeleka maneno ya mzee kwa uaminifu kabisa katika tundu la chungwa, ambamo hamkuwa na waya.

Koplo alifungua mipangilio ya sauti ya Windows, akakuta imeandikwa 5.1. Mahali hapo huweza kujaribiwa kila spika peke yake. Ya katikati ilipoitwa, kimya. Akachagua stereo, akaifunga programu na kuifungua tena. Tangu hapo njia zile 6 zikachanganywa kuwa mbili. Gharama ilikuwa kikombe cha chai.

Zilibaki kasoro ndogo. Wacheza ngoma walipojitupa, miili yao ilikatwa na mistari myembamba kama meno ya kitana. Kamera hiyo ilirekodi kila picha kwa nusu mbili, mistari ya witiri kisha ya shufwa, nusu 50 kwa sekunde. Katika VLC herufi D kwenye kibodi huziunganisha. Kingo za picha nazo zilikatwa, hata kichwa cha shangazi mmoja kikakosekana. Kosa hilo lilikuwa la televisheni, ambayo huikuza picha kidogo mpaka iamriwe katika orodha yake kuonyesha kila nukta.

Mwisho, sauti iliitangulia midomo. Sauti ilikwenda moja kwa moja kwenye sabufa, ilhali picha ilicheleweshwa ndani ya televisheni ikipambwa. Televisheni iliwekwa katika hali ya michezo ya kompyuta, ambayo hupunguza mapambo hayo, na kilichosalia kikarekebishwa kwa herufi K, ambayo huchelewesha sauti kwa milisekunde 50 kila ibonyezwapo. Ilibonyezwa mara mbili.

Kisha filamu ikarudishwa mahali mzee asimamapo. Mjukuu mdogo, ambaye alizaliwa baada ya babu kufariki, aliuliza kwa nini babu anaongea kama Mjomba. Bibi hakumjibu, aliomba irudiwe. Nakala moja imepelekwa kwa binti aliyeolewa siku ile, na nyingine iko katika sanduku la nguo la mama, imefungwa katika kitambaa cha sare.