MASHAURI YA NYUMBANI: Ghala ya Baridi



Mwezi wa Desemba maembe hupanda kutoka bonde la Momba hata masoko ya Tunduma na Vwawa. Huwa mengi mno, bei yake hushuka, na yaliyosalia jioni huozea chini. Ikifika Juni, watoto wa nyumba zile zile hula ugali na maharage tu, wala hawaoni tunda. Nao huhitaji tunda, maana embe bivu huupa mwili vitamini A, ilindayo macho na kuongeza nguvu za kupigana na magonjwa.

Wazee wetu walikausha mboga za majani juani, nayo ni hekima. Lakini maembe yetu huiva pamoja na mvua, na vipande vinavyoanikwa siku za mawingu huota ukungu. Kwa hiyo aliye na umeme na friza yafaa agandishe.

Kazi yenyewe ni hivi. Chagua maembe yaliyoiva yasiyopondeka. Yaoshe kwa maji safi, yamenye, uyakate vipande vidogo. Vitandaze katika sinia, kila kimoja mbali na mwenziwe, uvitie katika friza mpaka viwe vigumu. Ndipo uviweke katika vyombo vyenye vifuniko, kwa kadiri ya mlo mmoja. Sababu ya kutandaza ni kwamba kinachoganda polepole hufanya chembe kubwa za barafu, nazo huipasua nyama ya tunda, likawa majimaji. Bwana Clarence Birdseye wa Marekani, alipokaa Labrador miaka ya 1912 hata 1915, aliona kwamba samaki walioganda upesi katika baridi kali hawakupoteza utamu wao.

Maparachichi ya Mbozi na Ileje huyaponda kwanza, ukatia kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau kwa maparachichi 2, yasipate weusi. Friza ikiwa na baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, matunda hukaa vema miezi 8 hata 12.

Tena angalieni: baridi haiviui vijidudu, huvilaza tu, basi usafi wa mikono na maji hauna budi. Umeme ukikatika, msifungue mlango. Friza iliyojaa huhifadhi baridi yake kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Tunda lililoyeyuka likapata joto lisigandishwe tena.

Sasa wengine huuliza: Je, Mkristo anayejaza akiba nyumbani mwake hafanani na yule tajiri mpumbavu wa Injili, aliyetaka kujenga ghala kubwa zaidi? Swali hili ni jema. Lakini kumbukeni kwamba Yusufu naye alijaza ghala huko Misri, wala hakulaumiwa. Ghala si kosa. Tajiri yule alizungumza na nafsi yake peke yake. Yusufu aliweka kwa ajili ya watu, na njaa ilipofika alizifungua ghala zake.

Basi, mama mwenye friza, usiweke kwa ajili ya nyumba yako tu. Mwambie jirani asiye na umeme alete maembe yake mwezi wa Desemba, myamenye pamoja, na chombo chake kiwekwe kando ya chako. Juni ikifika, mjane na mgonjwa wapate sehemu yao pasipo kuomba. Mkifanya hivyo, hakuna atakayeiita akiba yenu uchoyo.

Bwana aliyewashibisha makutano aliagiza mabaki yakusanywe, kisipotee kitu. Naye azibariki nyumba zenu na vyote mnavyovitunza.

Ni mimi mtumishi wenu, Mwalimu wa Dini.