Geuza Chupa Kwanza

Wasee, leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana kuna mtu alinilipa elfu tatu nitangaze shampuu ya watoto. Chupa ya pinki, katoto kanacheka, imeandikwa "asilia". Nikasimama nje ya nyumba yetu hapa Runyenjes, nikatabasamu kwa kamera, nikasema hii ni poa kwa kila mtoto. Nyuma ya chupa sikuwa nimesoma hata mstari mmoja. Vidio ikiisha, nikampelekea sista yangu hiyo chupa. Mtoto wake alikuwa na miezi miwili.

Siku ya tatu kichwa cha mtoto kilikuwa na upele mwekundu mpaka nyuma ya masikio. Sista hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "We, uliisoma?"

Aliacha kuitumia na upele ukaisha. Siwezi kuapa ni shampuu iliuleta. Lakini lile swali bado liko na mimi.

Maoni yangu ni haya: mbele ya chupa ni pa kuuzia. Neno "asilia" halikuambii ndani kumewekwa nini. "Bila machozi" inaongea juu ya macho, ngozi haijatajwa. Ukweli uko nyuma, kwa yale maandishi madogo. Ukiona "parfum" ama "fragrance", hayo ni manukato, na manukato ni kati ya vitu vinavyowasha sana ngozi changa. Chukua isiyo na manukato wala rangi. Angalia alama ya KEBS, kisha uandike SM# na ile namba ya kibali, utume kwa 20023, ujue kama ni ya ukweli. Chupa haionyeshi kilichowekwa ndani? Rudisha kwa shelfu.

Na usidhani kusoma ni kazi bure. Huko Marekani wazazi na wanaharakati walisoma nyuma ya chupa za Johnson & Johnson, wakapiga kelele juu ya kemikali zinazotoa formaldehyde. Mwaka 2012 kampuni ikaahidi kuziondoa kwa bidhaa za watoto, na kufikia 2014 ile shampuu yao maarufu ilikuwa imebadilishwa. Jina kubwa hivyo, na bado lilihitaji mtu wa kusoma.

Kuna kitu kingine sisi watu wa vidio hatusemi kwa sababu hakilipi: mtoto mchanga hahitaji shampuu nyingi. Amelima wapi ndio achafuke? Maji ya uvuguvugu yanatosha siku nyingi. Shampuu kidogo tu, mara moja ama mbili kwa wiki, kisha suuza vizuri na umkaushe haraka, maana baridi ya huku chini ya mlima haina huruma.

Cucu wangu atakwambia alitulea na sabuni ya kipande na hatukufa. Kweli hatukufa, cucu, lakini hiyo sabuni inakausha ngozi, wacha ifue nguo. Ila kwa jambo moja cucu ametushinda wote: hakuwahi kununua kitu kwa sababu ya aibu.

Na aibu ndiyo mimi nilikuwa nauza. Kuna dem wa miaka kumi na tisa amejifungua juzi, hana kazi, anatazama vidio yangu usiku akinyonyesha. Anaona akikosa chupa ya mia nane yeye si mama. Dadangu, wewe ni mama. Ile ya bei ndogo isiyo na manukato inaweza kuwa bora kuliko ile yangu ya pinki.

Mimi si daktari, hata chuo niliacha mwaka wa pili. Upele ukikataa kuisha, ama ukitoa maji, peleka mtoto hospitali.

Ile vidio nimeifuta. Nikitangaza tena kitu cha mtoto, nitaanza kwa kukuonyesha nyuma ya chupa. Nisipofanya hivyo, niulize kama sista: "We, uliisoma?"