Usiuze kompyuta ya zamani kabla hujaitazama ubavuni

Dada yangu alipoleta ile kompyuta mpakato kibandani kwangu Kariakoo, alikuwa ameshakata shauri. Ilikuwa ThinkPad T430, toleo la 2012, aliyoipata kazini kwake ofisi ilipobadilisha vifaa. "Kaka, nitafutie mteja," akaniambia. "Hata kwa laki mbili naiachia. Huyu mtoto hanipi raha, anataka ya kuchezea gemu, na hiyo ya milioni mbili na nusu mimi nitaitoa wapi?" Mpwa wangu alikuwa nyuma yake, kamaliza kidato cha nne, yuko nyumbani anasubiri matokeo. Aliniamkia, nikamwitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye kadi za grafiki nilizozipanga kabatini.

Nilimkatalia dada. Imepita miezi saba, na mpwa wangu anacheza GTA V kwenye mashine ileile. Ninaandika haya kwa sababu karibu kila wiki naletewa mashine kama ile na mzazi anayetaka kuitupa kwa bei ya chee, kisha anakwenda kukopa anunue nyingine inayong'aa. Wengi wao hawajui wanachokiuza. Hawajaambiwa, na sisi tunaofanya biashara hii ndio tuliopaswa kuwaambia.

Ubavuni mwa T430 kuna tundu jembamba ambalo wengi hudhani ni la kadi ya kamera. Jina lake ni ExpressCard. Liliwekwa kwa ajili ya modemu na vifaa vingine vya ofisini, lakini nyuma yake inapita njia ya PCI Express, aina ileile ya njia ambayo kompyuta ya mezani huitumia kuzungumza na kadi yake ya grafiki. Ukishaifikia njia hiyo ukiwa nje ya mashine, unaweza kuichomekea kadi kubwa ambayo ndani isingeingia kamwe.

Tulinunua bodi ndogo ya EXP GDC, ya ukubwa wa kiganja. Juu yake unasimamisha kadi, na pembeni inatoka kebo ambayo mwisho wake unaingia kwenye lile tundu. Kadi tuliyochagua ni GTX 750 Ti ya mtumba. Kadi hii ilitoka mwaka 2014, na niliichagua kwa sababu moja kubwa: inakula wati 60 tu, na hii tuliyoipata haikuhitaji waya wa ziada wa umeme. Kadi ilikuwa shilingi 140,000, bodi 115,000, pawasaplai ya kompyuta ya mezani iliyokufa 25,000, na seremala wa mtaani kwetu alitaka 15,000 kwa kisanduku cha plaiwudi chenye matundu chini na juu, maana hewa ya moto hupanda. Dar es Salaam kwa vumbi lake na unyevu wake wa bahari, kadi haiwezi kukaa wazi juu ya meza. Jumla 295,000. Mashine tulikuwa nayo.

Kuhusu ile kebo, niseme jambo ambalo limeshawapotezea vijana usiku kucha. Kichwa chake cha upande wa bodi kinafanana kabisa na cha HDMI. Kijana anaona HDMI, anachomeka kwenye runinga, haoni kitu, anaamini kadi imekufa. Kebo ile haibebi picha. Inabeba data za PCI Express, na kazi yake ni kuunganisha bodi na kompyuta, basi. Picha inatoka kwenye tundu la kadi yenyewe.

Usiku wa kwanza hatukutumia hiyo pawasaplai. Nilikuwa na adapta mpya, nyeusi, nzito kidogo mkononi, imeandikwa volti 12, ampea 10. Muuzaji simtaji. Volti 12 kwa ampea 10 ni wati 120, mara mbili ya inayohitajika, kwa hiyo nilikuwa na amani. Gemu lilipofunguka, dakika ya kumi na tano hivi, mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, hii harufu ni ya nini?" Nilipoigusa adapta, plastiki ilikuwa inabonyea. Nikaweka mita kwenye waya: volti 10.6, na inazidi kushuka. Adapta ile haikuwa na uwezo wa kutoa hata ampea 5. Tukazima kila kitu, tukakaa kimya kidogo, kisha mpwa wangu akachukua karatasi akaanza kuzidisha. Volti mara ampea alishaisoma shuleni, akaijibia mtihani. Siku ile aliinusa. Tangu hapo hanunui kitu cha umeme bila kusoma maandishi ya nyuma na kuuliza kama ni ya kweli.

Sasa nije kwenye ukweli ambao wauzaji wa hizi bodi huwaficha wateja. Njia ile ni nyembamba. ExpressCard ya mashine za umri huu hupitisha megabaiti 500 kwa sekunde kila upande. Kadi ikikaa ndani ya kompyuta ya mezani yenye tundu kamili la PCI Express kizazi cha tatu, hupata karibu megabaiti 16,000. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara thelathini. Nilimfafanulia mpwa wangu kwa mfano wa simtanki la nyumbani kwao. Bomba la mtaani ni la nusu inchi, lakini maji yakishaingia kwenye tanki, nyumba nzima inafungua mabomba yote bila taabu. Kumbukumbu ya kadi, gigabaiti 2, ndiyo tanki. Vilivyokwisha kuingia humo kadi inavichora kwa kasi yake yote. Shida huja pale tanki linapotaka kujazwa upya. Ndiyo maana akitembea kwa miguu ndani ya GTA V anapata fremu 40 na zaidi kwa sekunde, ila akipanda gari na kukimbiza mjini, fremu zinashuka na picha inajikwaa: mtaa mpya mzima unapitishwa kwenye bomba la nusu inchi.

Na kuna kosa linalozidisha ufinyu huo, nalo ni kutaka gemu lionekane kwenye skrini ya kompyuta mpakato yenyewe. Inawezekana, lakini piga hesabu. Skrini ya mashine ya dada ina nukta 1366 kwa 768, kila nukta ni baiti nne, fremu moja ni megabaiti 4.2. Fremu 60 kwa sekunde ni megabaiti 250, yaani nusu ya njia ya kurudi imeliwa na picha tu. Ingekuwa skrini ya 1920 kwa 1080, fremu moja ni megabaiti 8.3, na fremu 60 ni karibu 500: njia imejaa pomoni. Kwa hiyo chomeka monita, au runinga, moja kwa moja kwenye kadi. Nyumbani kwa dada ilikuwa runinga ya sebuleni, na makubaliano yakawa kijana anaitumia mpaka saa mbili kasoro, kisha mama yake anaangalia taarifa ya habari.

Jambo lililotuumiza zaidi ni umeme. Kompyuta mpakato ina betri, kwa hiyo watu hudhani umeme ukikatika hakuna neno. Kadi haina betri. Jioni moja umeme ulikatika katikati ya gemu. Kompyuta ikabaki inawaka, taa zake zote za kijani, lakini imeganda kama jiwe, kwa sababu kifaa ilichokuwa inazungumza nacho kimetoweka ghafla. Ilibidi kuizima kwa kushikilia kitufe, na Windows iligoma kuwaka mara mbili kabla haijajirekebisha. Kuchomoa kebo wakati mashine inafanya kazi huleta matokeo yaleyale. Nilimpa UPS ya zamani niliyoibadilisha betri. Inashikilia dakika tano hivi, zinazotosha kufunga gemu na kuzima kwa utaratibu. Yeyote atakayefanya kazi hii hapa kwetu aiweke UPS kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Simwambii kila mtu afanye hivi. Mashine yenye RAM ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka, anza kwa kuiongezea RAM ifike 8 na kuiwekea SSD. Huenda ukaridhika hapo hapo bila kununua kadi. Prosesa ya T430 ya dada, Core i5 yenye kore mbili, haitabadilika kuwa nyingine kwa sababu umeifungia kadi, na magemu mapya makubwa hayatachezeka. Pia Microsoft ilisitisha matengenezo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mwezi huohuo Nvidia ilifunga mlango wa draiva mpya za magemu kwa kadi za kizazi cha 750 Ti, ikabakiza marekebisho ya usalama tu. Mpwa wangu anayajua yote haya. Anacheza yaliyotoka mpaka miaka ya 2010 na kitu, na hazina hiyo ni kubwa kuliko muda alio nao.

Ninachopinga kwa nguvu zote ni kuzibwa kwa milango hii. T440, iliyofuata T430 mwaka 2013, haikuwa na ExpressCard tena. Kompyuta nyingi zilizokuja baadaye zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi. Katika baadhi ya mashine ungeweza kupitia tundu la ndani la kadi ya Wi-Fi, lakini mteja wangu mmoja alileta yake, ya kampuni ambayo sitaitaja, tukafungua chini, tukachomeka, na ilipowaka ikakataa kuendelea kwa maelezo kwamba kifaa kisichoruhusiwa kimegunduliwa. Mtengenezaji alikuwa ameweka ndani yake orodha ya kadi anazozikubali yeye. Mteja aliinunua kwa fedha yake, na bado hana ruhusa ya kuchagua kinachokaa humo. Kwangu hilo ni kosa, na halipaswi kuitwa usalama.

Kuna mlango mmoja mzuri uliofunguliwa baada ya hapo. Thunderbolt 3 ilitangazwa 2015, ina kasi ya gigabiti 40 kwa sekunde, na inafungiwa kadi ya nje kwa njia pana kuliko ExpressCard mara kadhaa. Lakini hata huo unaweza kufungwa: Apple iliruhusu rasmi kadi za nje kwenye Mac mwaka 2018, kisha Mac zenye chipu zake yenyewe, kuanzia 2020, zikaja bila ruhusa hiyo. Kwenye mtumba sasa zinaanza kuingia mashine za ofisini zenye Thunderbolt 3, na mnunuzi hajui, kwa kuwa tundu lake lina umbo lilelile la USB-C ya kawaida. Tazama alama ndogo ya radi pembeni ya tundu, kisha hakikisha kwa kusoma namba ya modeli.

Hapa ndipo nina ombi kwa wauzaji wenzangu, wa Kariakoo na kwingineko. Kwenye kila mashine tunabandika karatasi: Core i5, RAM 4, diski 500. Tuongeze mstari mmoja unaosema ina ExpressCard au haina, ina Thunderbolt au haina, RAM inabadilika au imechomelewa. Haitugharimu chochote zaidi ya wino. Na tuache kuuza adapta zenye namba za uongo, kwa sababu zinawaka ndani ya vyumba vya watoto wa watu.

Kwa wazazi, ninajua hofu yenu kuhusu magemu, na dada yangu alikuwa nayo. Kijana aliyepewa mashine mpya hufungua gemu tu. Wa kwetu alilazimika kwanza kujua wati, kupima volti, kuelewa kwa nini fremu zinashuka na kumweleza seremala matundu yakae wapi. Siku hizi Jumamosi yuko kibandani kwangu, na wiki iliyopita alimrudisha mteja nyumbani na fedha zake kwa sababu mashine aliyoileta haikuwa na njia ya kufungiwa kadi. Mteja yule angetoa laki tatu bure.

Kama unayo kabatini kompyuta mpakato ya 2011 au 2012 iliyotoka ofisini, igeuze leo uitazame ubavuni. Ukiona tundu jembamba linalomeza kadi ya upana wa milimita 34, usimwite mnunuzi kwanza. Mwite kijana wako mkae nayo.