Silaha za Sauli na Kombeo la Mhazini

Katika kikao cha Baraza la Wazee wa usharika wetu, mzee mmoja alisimama akasema kuwa kuiomba mashine iandike programu ya kuhesabia sadaka ni uvivu uliovikwa koti la maendeleo. Wengi waliitikia kwa vichwa. Programu hiyo niliitengeneza mimi, mhazini wao, nami namjibu hapa kwa heshima yote ninayompa mzee wangu.

Kila msharika kwetu ana namba ya bahasha. Baada ya ibada tunafungua bahasha za ahadi na za jengo, tunahesabu watu wawili, tunaandika kwenye kauntabuku, kisha mimi nabaki hadi jioni nikijumlisha. Zamani kidogo tulinunua programu kubwa ya makanisa kutoka nje. Ilijua kadi za benki. Haikujua ahadi ya magunia ya mahindi wala mnada wa kuku baada ya ibada. Daudi alivishwa silaha za Sauli akazivua, kwa kuwa hakuwa amezijaribu. Nasi tulizivua, ila fedha ilikuwa imekwisha kulipwa.

Leo mtu asiyejua kuandika programu anaweza kuiambia akili mnemba, kwa Kiswahili hiki hiki: nataka mahali pa kuingiza namba ya bahasha, kiasi na tarehe, na mwisho wa mwezi nipate jumla ya kila mmoja. Inaandika, unajaribu, unasema palipokosewa, inarekebisha. Jioni tatu zilinitosha. Mwaka 2020 mwandishi wa Marekani, Robin Sloan, aliifananisha programu ya namna hii na chakula cha nyumbani. Ya kwake aliitengenezea familia yake ya watu wanne tu. Je, mama anayepika kwa jiko la gesi badala ya kuni ni mvivu? Bezaleli alijazwa ujuzi wa kuitengeneza hema ya kukutania, wala hatusomi kwamba mtu alimhoji kama patasi alizifua mwenyewe. (Na mzee wangu huyo huja vikaoni kwa pikipiki.)

Kinachonisikitisha ni kwamba hasira ya Baraza ilimwagwa mahali pasipo na kosa, na kosa lenyewe likapita bila kuulizwa.

Namba 14 ilikuwa ya baba mmoja aliyefariki. Baadaye tuliigawa kwa kijana aliyetoka kipaimara. Kwenye kauntabuku nisingechanganya, maana nawajua wote wawili. Programu haikuwajua. Ilihesabu namba 14 kuwa mtu yule yule, ikaandika deni la ahadi kwa jina la marehemu, nami bila kukagua nikapeleka barua za ukumbusho. Mjane akafungua bahasha akakuta mumewe anadaiwa na kanisa. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinikaribisha chai, akaniambia, “Mwanangu, hukunisoma jina?” Sikuwa na jibu. Mashine haikuniambia nisisome.

Liko jingine zito zaidi. Nilipokuwa naijaribu, niliinakili orodha yote ya washarika, majina na kiasi walichotoa, nikaiweka kwenye mazungumzo yangu na akili mnemba ili ione mfano. Orodha ile ikasafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni ambayo hakuna msharika aliyeiruhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za imani ya mtu na za miamala yake ya fedha miongoni mwa taarifa nyeti. Lakini kabla ya sheria hiyo Bwana alikwisha kufundisha kwamba sadaka itolewe kwa siri, na mimi ndiye niliyekabidhiwa siri ile. Wazee wangu, mliniita mvivu. Mngeniita mvunja amana ningenyamaza.

Orodha nimeifuta, ingawa kilichokwisha kutoka sina uhakika kama kinarudi. Programu bado naitaka. Nimeliomba Baraza liteue wazee wawili, mmoja awe mzee wangu yule, tukae Jumamosi moja na bahasha 20 za majina ya kubuni, wajitahidi kuikosesha, kauntabuku ikiwa pembeni. Hadi naandika haya hajanijibu.