Tushuke au Tukae?

Na Babu Handibreki

Wasomaji wa zamani wa safu hii mnamfahamu shemeji yangu, yule aliyeosha injini kwa sabuni ya unga. Sasa ana Mark X nyeusi, yenye taa za bluu chini ya viti na spika mbili zilizokula nusu ya buti. Jumamosi alijitolea kutupeleka Goba kutoa mahari. Washenga wanne, suti zimenyooka, na nyuma tumepakia kreti mbili za soda na mchele kilo 50.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Tukaacha lami, tukashuka bondeni, tukapanda, na kule juu, mbele ya kibanda cha chipsi, wakazi wamejijengea tuta lao la moramu na kifusi, limeinuka kama kaburi. Katikati yake jiwe linachungulia.

Nikasema, "Shemeji, tushuke."

Akasema, "Kaeni."

Hilo "kaeni" ndilo limenikera wiki nzima. Mwanaume wa mjini yuko radhi avunje gari kuliko mwenye chipsi aone abiria wake wameshuka!

Mark X ikitoka kiwandani, tumbo lake liko kama sentimita 15 na nusu juu ya ardhi. Hapo ni gari tupu, springi mpya, sakafu ya Japani. Weka wanaume watano, mmoja wao mimi, ongeza mchele. Kinachobaki hata kuku hapiti. Tena gari ni refu, mita 2.85 kutoka tairi la mbele hadi la nyuma. La mbele limeshavuka tuta, la nyuma halijafika, na tumbo ndilo linalokalia kaburi. Fundi alishamshauri aweke spesa kwenye springi, apate japo sentimita mbili. Alikataa. Eti zinaharibu shepu.

Akaliendea tuta uso kwa uso, mguu kwenye breki, na gari likibanwa breki huinamisha pua. Krrrr, kisha ko! Sauti ya sufuria ikiburuzwa kwenye saruji. "Tumepita," akasema mzee wa mbele.

Tumepita!

Hatujafika mbali, taa nyekundu yenye picha ya birika ikawaka kwenye dashibodi. Nikamwambia azime gari papo hapo, sampo imepasuka. Akaongeza muziki: "Tunakaribia." Injini isiyo na oili haijui kukaribia. Ilianza kugonga kama mtu aliyefungiwa chooni, halafu ikanyamaza. Muziki ukabaki.

Tukashuka, sasa kwa lazima. Nyuma yetu mstari mweusi wa oili ulinyooka hadi kwenye tuta, na pale tutani amefika mama mmoja na Corolla iliyobabuka rangi. Akashusha watoto watatu na bibi yao. Akalipanda tuta mshazari, tairi moja moja, mguu mbali na breki. Lile jiwe akalikanyaga kwa tairi badala ya kulipitisha chini ya tumbo. Akawapakia wake, akatupita, akatupa pole. Bibi alitutazama kwa muda mrefu zaidi ya adabu inavyoruhusu.

Najua mtaniandikia kwamba mwenye kosa ni barabara. Barabara ni mbovu, nami nimeisema hapa mpaka mhariri amechoka. Lakini yule mama alipita barabara ipi?

Ukweni tuliingia kwa bodaboda, mshenga mkuu amekumbatia gunia la mchele, tope mpaka kwenye tai. Tukatozwa faini ya kuchelewa, tukailipa bila kubisha. Shemeji alibaki analinda spika.

Juzi ameanzisha kundi la WhatsApp la kuchangia injini, akaniingiza bila kuniuliza.

Nimeshuka.