Kufunika Si Kupanga

Yako maoni yaliyoenea miongoni mwa wanafunzi na walimu wa vyuo vikuu, ya kwamba ramani ya maarifa ichorwayo kwa kompyuta huwa njema kwa kadiri ionyeshavyo machache. Fundo moja hubaki katikati ya kioo, matawi yake yakakunjwa, na yote yaliyofungamana nalo yakaondolewa machoni mpaka yatakapohitajiwa. Husemwa kwamba huko ndiko kupanga. Maoni hayo yana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli humpoteza msomi upesi kuliko uongo mtupu, kwa kuwa uongo hushukiwa.

Nusu iliyo kweli ni hii. Jicho la mwanadamu lina mpaka. Ramani yenye mafundo mia tano yaliyofunuliwa yote kwa pamoja ni kichaka, wala hakuna asomaye kichakani. Tony Buzan wa Uingereza alipoeneza ramani za mawazo katika miaka ya 1970, na Joseph Novak wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alipobuni ramani za dhana katika muongo uo huo, karatasi yenyewe ilimwekea mchoraji kikomo. Kompyuta imekiondoa kikomo hicho, kwa hiyo ikalazimu ilete na uwezo wa kukunja na kukunjua. Uwezo huo haustahili lawama. Listahililo lawama ni kuutumia kana kwamba kilichofunikwa hakikuwa na neno la kusema.

Mathalani, mwanafunzi na achore ramani ya lugha za Mkoa wa Mara, akitaka kuiweka humo Issenye, iliyo katika Wilaya ya Serengeti. Yumkini ataanza na orodha ya kimataifa ya alama za lugha, ISO 639-3, iliyotangazwa mwaka 2007. Humo Kingoreme kina alama yake, ngq. Kiikizu kina yake, ikz. Lakini Kiisenye hakina alama ya peke yake, bali kimefungwa pamoja na Kiikoma na Kinata katika alama moja, ntk. Kufungwa huko kuna sababu, maana lugha hizo tatu ni ndugu wa karibu mno. Walakini mwanafunzi akilikunja fundo hilo, na kwa kufupisha akaliandika jina la kwanza tu, Kiisenye kitakuwa kimetoweka katika kazi yake bila ya yeye kukusudia.

Wala hasara hiyo siyo iliyo kubwa. Ramani hizi aghalabu hupangwa kama mti: kabila chini ya mkoa, ukoo chini ya kabila. Maisha ya magharibi ya Serengeti hayakupangwa hivyo. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika kitabu chake Imagining Serengeti kilichochapwa mwaka 2007, aliyafuata masimulizi ya wazee, akaonyesha jinsi koo na marika yalivyovuka mipaka ya makabila jirani, Waisenye wakiwamo. Akaonyesha pia kwamba wazee waliyakumbuka mahame na mahali patakatifu ambapo sasa pamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951 na kubadilishiwa mipaka mwaka 1959. Viungo vya namna hiyo ni vya kando, vitokavyo tawi moja na kufika jingine. Tawi likunjwapo, mara nyingi viungo vya kando huondoka machoni pamoja nalo. Husalia makabila yaliyosimama mbalimbali kama nguzo za ua, na hifadhi iliyo kama haikupata kuwa na wenyeji. Mchoraji hakuandika uongo hata neno moja, lakini ramani yake imeusema kwa niaba yake.

Mpinzani atajibu kwamba kilichofichwa hakikufutwa. Msomaji na abonyeze, atakiona. Jibu hilo ni dhaifu. Mtu hubonyeza pale adhaniapo kuwa pana kitu. Asiyejua kuwa pana mlango hapigi hodi. Tena ramani hizo huishia kuchapwa katika tasnifu na vitabu, na karatasi haibonyezwi.

Hapana budi, basi, kufunika kuwe na adabu yake. Programu kama FreeMind na Freeplane huweka duara dogo penye fundo lililokunjwa, kuwa ishara kwamba ndani mna kitu. Duara hilo lisiondolewe kwa ajili ya urembo. Vilevile, Freeplane ichujapo mafundo humwachia mtumiaji kuchagua kama yale ya juu yake na ya chini yake yaonekane au yasionekane. Uchaguzi huo ni hoja ya kitaalamu, na mwenye hoja hudaiwa sababu. Ramani ichapwapo, iandikwe chini yake ni nini kilichofunikwa na kwa nini. Na msimamizi wa tasnifu asiyeliuliza hilo ameiacha kazi yake nusu.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Ramani iliyo safi nayo imeundwa, na aliyeiunda alichagua nani aonekane na nani asionekane. Mtoto wa Issenye akiifungua siku moja, asiikute lugha yake wala mahame ya babu zake, hatasema kwamba tawi limekunjwa. Atasema kwamba kwao hapakuwa na kitu, na atakuwa amefundishwa hivyo na wasomi.