Waacheni Waivunje

Iko dhana moja iliyozoeleka miongoni mwetu hata husemwa kama jambo lisilohitaji ithibati, nayo ni kwamba mashindano ya kupambanisha roboti, yale yaliyoonyeshwa katika televisheni za Uingereza na Marekani, ambamo kikundi cha watu huunda mtambo kwa miezi kadhaa katika banda la nyuma ya nyumba, kisha wakaupeleka ulingoni ukakatwe, ukapinduliwe na pengine ukaunguzwe na mtambo wa wenzao kwa muda usiozidi dakika 3, ni upuuzi wa watu walioshiba. Husemwa na mwalimu, husemwa na mzazi, husemwa na diwani. Na hapa Mlali, mkoani Morogoro, ambapo mkulima huweza kupata nyanya nyingi na fedha kidogo katika msimu mmoja, husemwa kwa uchungu zaidi: nchi yenye haja ya kila msumari itathubutuje kuunda kitu kwa kusudi la kukivunja? Wacha Mungu huongeza neno israfu, na wale wenye kujifanya mahodari wa maendeleo huongeza kwamba roboti ya maana ni ile inayopalilia shamba au kumhudumia mgonjwa, si ile yenye msumeno.

Mimi naipinga dhana hiyo, wala siipingi kwa nusu. Nasema kwamba kwa kijana mwenye kupenda vyuma na nyaya hakuna taalimu iliyo bora kuliko kuunda mtambo hali akijua kwamba siku fulani, saa fulani, mbele ya mashahidi wasiomwonea haya, mtu mwingine atatumia akili yake yote kuuharibu.

Mashindano haya yalizaliwa San Francisco mwaka 1994, mwaka uleule ambao Tanzania Bara ilianza kutazama televisheni yake yenyewe, na aliyeyaanzisha, Marc Thorpe, alikuwa fundi wa vinyago vya sinema ambaye kabla ya hapo alijaribu kuunda mashine ya kufyonza vumbi yenye kuongozwa kwa rimoti, akagundua kwamba kama kifaa cha usafi haifai, lakini ikifungwa zana za kukatia inawafurahisha watu kupita kiasi. Mwaka 1998 mchezo ukaingia katika BBC kwa jina la Robot Wars, na mshindi wa msururu wa kwanza hakuwa mtambo wa kiwanda, wala wa jeshi, wala wa chuo kikuu. Uliitwa Roadblock, ulikuwa na umbo la kabari na msumeno wa duara mgongoni, nao ulitoka Bodmin, mji mdogo wa Cornwall, mikononi mwa timu ya shule. Wenye kusema kwamba mambo haya ni ya mabingwa waliobobea na waanze kwa kunieleza habari ya Bodmin.

Katika suala la gharama, wapinzani wangu wana hoja, na insafu yanitaka niikiri. Mtambo wa BattleBots, mashindano makubwa ya Marekani, waruhusiwa kufikia pauni 250, yaani kilo 113, na fedha inayoteketea katika mota, betri na bamba za chuma cha namna hiyo haifai hata kutajwa mbele ya mzazi mwenye karo ya kulipa. Lakini kupima mchezo wote kwa mtambo wake mzito kuliko yote ni kutokuutendea haki, maana Waingereza wanalo daraja jingine la roboti ambazo uzito wake hauruhusiwi kupita gramu 150, nazo hupigana juu ya jukwaa linaloenea mezani, zikisukumana na kubetuana kwa bidii ileile ya wakubwa zao. Gramu 150 ni nyanya moja ya wastani ya Mlali. Na kati ya nyanya hiyo na kilo 113 yako madaraja mengi, ambayo kijana wa kwetu akiyatazama hakosi kukutana na vitu anavyovijua: mota ya waipa ya gari lililokwisha kufa, cheni na sproketi za pikipiki, kipande cha springi ya lori, betri iliyookolewa katika kifaa kingine. Barabara itokayo Sangasanga ikapita Mlali na kupanda Mgeta hupitiwa na malori ya mboga, na malori ya milimani hayatembei bila kuacha vyuma nyuma yake.

Hata hivyo, hoja ya gharama si kiini cha neno langu. Kiini ni kile kinachotukia baada ya pambano, ambacho watazamaji wengi hawakitilii maanani kwa kuwa macho yao yamejaa cheche. Mtambo uliopigwa hurejeshwa mezani, ambako timu huwa na muda mfupi uliohesabiwa kabla ya kuitwa tena. Waya umekatika wapi? Gia imemegeka, au ni pini yake tu iliyotoka? Mota inanuka kuungua, je, ina vipuri, na kama haina, twaweza kupigana kwa gurudumu moja? Hapo ndipo kijana hujifunza jambo ambalo hakuna mwalimu awezaye kulitia katika ubao, kwamba kifaa huundwa ili kifunguliwe tena, na kwamba fundi aliyeificha skrubu kuu chini ya skrubu nyingine kumi na moja kwa sababu ilipendeza kuificha, atajilaani mwenyewe. Atakaporudi mwaka wa pili, mtambo wake utafunguka kwa skrubu nne. Hiyo ndiyo elimu; na yule aliyeona chuma kinavunjika akalia israfu, ameiona hasara ya shilingi na asiione faida iliyoingia kichwani mwa mtu.

Sisi watu wa Morogoro tulipaswa kuwa wa mwisho kuidharau elimu hiyo, kwa sababu tumekwisha kulipa bei ya kuikosa. Kiwanda cha Viatu cha Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikaletewa mitambo ya kisasa, kikatangazwa kwamba kitawavisha Watanzania na kwamba sehemu kubwa ya viatu itauzwa Ulaya. Ulaya haikupata hata jozi moja. Kiwanda hakikufikia asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilifungwa. Jengo lenyewe lilikuwa na kuta za alumini zisizopitisha hewa, kana kwamba aliyelichora hakuwahi kuambiwa kuna jua Morogoro. Mitambo ikaharibika, vipuri havikupatikana, na matengenezo hayakwenda. Najua kwamba sababu zilikuwa nyingi, pamoja na uhaba wa fedha za kigeni ulioikumba nchi nzima, wala sidai kwamba roboti zenye msumeno zingeliokoa shirika la umma. Nadai jambo dogo zaidi, nalo ni kwamba kiwanda kile kilikuwa mtambo ulioundwa na watu ambao hawakuwahi kuushuhudia ukivunjika mahali pale ulipowekwa, ukakabidhiwa watu ambao hawakufundishwa kuufungua. Na kabla yake, juu milimani, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika udongo mwembamba ambao haukuyakubali, mpaka ghasia za mwaka 1955 zikauzika mpango huo. Nao pia ulikuwa mzuri sana katika karatasi.

Desturi yetu ya kuwatukuza wabunifu haijaliponya gonjwa hili la kuunda kitu kisichojaribiwa, bali huenda inalilea. Kila mwaka twawaona vijana wamesimama nyuma ya meza, mtambo wao umefunikwa kitambaa, wakimngoja mgeni rasmi, naye akifika huelezwa, hutikisa kichwa kwa taadhima, hupigwa picha, huahidi kwamba serikali italiangalia, na msafara huendelea. Siyasemi haya kwa kuyabeza mashindano ya kitaifa ya sayansi na ubunifu yaliyoanza mwaka 2019 kwa jina la MAKISATU, ambayo yamewatoa gizani watu wengi wenye vipaji. Nasema tu kwamba meza ni hakimu mpole kupita kiasi. Mtambo uliokaa mezani hauwezi kushindwa. Aliyeuunda hurudi kwao na cheti, asijue kama ule muungano wa chuma alioulehemu usiku una nguvu au una bahati.

Tena jambo hili linatia aibu kwa kuwa katika mji wa Morogoro, penye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wako viumbe wanaopewa mtihani wa haki kuliko wabunifu wetu, nao ni panya. Shirika la APOPO huwafunza panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na panya hawi mtegua hatari kwa kuwa mkufunzi wake amemsifu, bali hupelekwa katika uwanja uliozikwa mabomu yasiyolipuka, mahali ambapo anayemwongoza haambiwi yamefukiwa wapi, na panya akiyapita asiyaone, hajafuzu. Magawa, aliyezaliwa hapa Tanzania, alifuzu namna hiyo, akaenda Kambodia, akagundua mabomu na silaha zaidi ya 100, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza linalowaenzi wanyama. Panya wa Morogoro ana ithibati ya kazi yake. Kijana wa Morogoro ana picha aliyopigwa na mkuu wa wilaya.

Wako wanaosema kwamba pambano huwafunza watoto ukatili. Kwa hawa sina maneno mengi. Mkoa huu ulishangilia, na ulikuwa na haki ya kushangilia, bondia wake Francis Cheka alipotwaa mkanda wa WBF mwaka 2013, na katika ngumi kinachopigwa ni kichwa cha mwana wa mtu. Ikiwa hilo ni michezo, chuma kugongana na chuma nyuma ya ukuta mnene wa plastiki, waendeshaji wamesimama mbali na rimoti zao, hakiwezi kuwa dhambi. Wazee wa pwani nao waliona katika miaka ya vita kuu ya kwanza na baada yake jinsi ngoma ya Beni ilivyoenea hata ndani ya Tanganyika, wachezaji wa vikundi vya Marini na Arinoti wakishindana kwa gwaride, sare na vyeo vya kijeshi walivyojipachika, na wamisionari wakaikunjia uso kama wanavyofanya leo wapinzani wangu. Watu waliicheza vita, wakaenda zao kulala.

Pingamizi zito kuliko hayo ni la wale wasemao kwamba yako mashindano mengine yenye staha, ambamo roboti hazipigani. Ni kweli. Julai 2017 yalifanyika Washington mashindano ya FIRST Global, yakakusanya timu za vijana kutoka nchi zaidi ya 150, kila timu ikapewa sanduku la vifaa vilevile, na mitambo ikashirikiana kukusanya mipira iliyowakilisha maji safi na maji machafu. Ni jambo jema na tukufu, na laiti kila mtoto angelipata sanduku hilo. Lakini sanduku huja likiwa limekwisha kufikiriwa na mtu mwingine: tundu limetobolewa mahali pake, na skrubu imeletwa yenye kuenea katika tundu. Mwenye kuanza na waipa ya gari lililokufa hana budi afikiri tangu kwenye tundu.

Wala haifai mtu adhani kwamba mtambo mgumu ni wa Mzungu kwa maumbile yake. Mwaka 2013 mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake walisimamisha katika njia panda za Kinshasa roboti za kuongoza magari, zenye umbo la mtu, zilizotumia nguvu ya jua, na zikasimama katika mvua, vumbi na hasira za madereva, mahali ambapo kosa lolote la fundi lingeonekana na mji mzima kabla ya adhuhuri. Madereva wengi walizitii, nazo hazidai chai. Mama huyu hakungoja meza.

Basi ninalolitaka lawezekana kutendeka. Viwanja vya Nanenane vya Morogoro vipo, na Agosti huja kila mwaka. VETA Kihonda wapo, na mafundi wa kuchomelea wa Mlali, Mzumbe na Mgeta hawahitaji kutafutwa kwa tochi. Uwekwe uzito usiozidi kilo chache, izuiwe mitambo yenye kurusha moto au kitu chochote nje ya ulingo, ijengwe kuta za kweli, kwa maana diski inayozunguka haina huruma na jicho la mtu, na kila timu ilete hesabu ya vitu ilivyovinunua, ambayo ikipita kiwango iondolewe. Kamera za televisheni zigawanywe: moja ulingoni, na mbili katika meza za matengenezo, ili mama anayetazama akiwa Nyandira aone mwanawe akitafuta waya uliokatika huku saa inakwenda. Na mgeni rasmi, ikiwa hapana budi awepo, apewe kiti nyuma ya ukuta pamoja na watazamaji wengine, na hotuba yake ingoje mpaka mmoja wa mitambo ushindwe kutembea.